Feni Iliyogoma Kwenye Foleni ya Kimara

Kila nilipotoka Dar es Salaam kwenda Iringa, pikipiki yangu ya cc 1340 ilikwenda vizuri mradi upepo ulipita kwenye rejeta, yaani kipozeo cha maji ya injini, lakini nikinasa kwenye foleni ya Kimara joto lilipanda hadi nyuzi 112 na feni haikuzunguka. Fundi alishauri ninunue feni mpya, ushauri ambao, nakiri, nilikaribia kuufuata. Nilipofungua kava la ubavuni na kuiunganisha feni moja kwa moja na betri, ilizunguka; ndipo nilipoikagua plagi yake na kukuta pini moja imeota kutu ya kijani, kama sarafu iliyookotwa ufukweni. Niliisugua kwa msasa laini, nikapaka grisi ya umeme, na safari iliyofuata feni ilianza kuzunguka kwenye nyuzi 105.