Kabla ya Kuinua Nyusi, Nilitaka Kujua Ni Nini Kilichoshuka

Kwa miaka mitatu sasa, kila nishukapo soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi, mama anayeniuzia dagaa huniuliza kama nimefiwa. Sijafiwa. Ni ncha za nje za nyusi zangu zilizoshuka, zikaulemea ukope na kuupa uso wangu huzuni ambayo moyoni sina. Nina miaka 56, na sioni aibu kuandika kwamba jambo hili linanisumbua, maana wanawake wa rika langu hapa Mwanza tunazungumza waziwazi kuhusu presha na magoti, lakini kuhusu uso tunanyamaza kana kwamba kuujali ni dhambi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa daktari bingwa wa macho nikitaka aniambie tu upasuaji unaonifaa. Badala ya kujibu, aliniketisha karibu na dirisha, akaniambia nifumbe macho na kulilegeza paji la uso, akaliwekea kidole gumba juu ya nyusi ili lisisogee, kisha akanitaka nifumbue macho taratibu. Nilipofumbua, sehemu ya juu ya dirisha sikuiona. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mchana kutwa nimekuwa nikiyafungua macho kwa nguvu za paji la uso, na kwamba ile mikunjo ninayoichukia ni alama ya msuli unaohangaika ili nipate kuona.

Alinieleza kwamba mambo matatu hufanana machoni pa watu: nyusi yenyewe kushuka chini ya ukingo wa mfupa wa tundu la jicho, ngozi ya ukope wa juu kuzidi, au msuli unaouinua ukope kulegea. Kila moja lina tiba yake, na anayekatwa ngozi ya ukope ilhali kilichoshuka ni nyusi anaweza kuiona nyusi ikivutwa chini zaidi. Aidha, ukope au nyusi ikishuka ghafla, au upande mmoja tu, au ikizidi kushuka kila jioni, huo ni ugonjwa wa kuchunguzwa, si suala la urembo.

Njia isiyo na kisu ni sindano ya Botox, dawa inayolegeza misuli kwa muda. Msuli wa paji la uso ndio pekee unaoinua nyusi, na misuli iliyo kati ya nyusi na kuzunguka jicho huzivuta chini. Sindano huidhoofisha hii ya kuvuta, nyusi ikapanda milimita chache. Matokeo hukamilika baada ya wiki mbili hivi na huisha baada ya miezi mitatu au minne. Sindano hiyohiyo ikichomwa vibaya kwenye paji, nyusi hushuka zaidi. Kuna pia nyuzi zinazopitishwa chini ya ngozi, ambazo matokeo yake hayadumu, nami sikuzitamani.

Kwenye upasuaji ndiko nilikouliza maswali mengi, kwa sababu ninabeba ushahidi sikioni: tundu la pili la hereni, nililotoboa nikiwa msichana, liliota kovu nene kama punje ya mahindi. Ngozi nyeusi huelekea zaidi kuota makovu ya namna hii, kwa hiyo mahali pa kukata ni swali la kwanza kwetu. Mkato wa zamani hupita juu ya kichwa kutoka sikio hadi sikio. Tangu miaka ya 1990 wapo wanaotumia kamera nyembamba kupitia mikato midogo mitatu hadi mitano nyuma ya mstari wa nywele, mara nyingi mgonjwa akiwa amepewa nusukaputi. Mkato wa pembeni mwa kichwa huinua ncha ya nje pekee, na unaweza kufanyika kwa ganzi. Ule unaopita mara tu juu ya nyusi ni sahihi sana na humsaidia aliyepooza uso, ila kovu lake hubaki hadharani. Daktari hakunificha hatari: ngozi ya kichwa kufa ganzi kwa miezi kadhaa, nywele kunyonyoka penye kovu, na mara chache kuumia kwa mshipa wa fahamu unaoinua nyusi. Kisha akagusa nywele zangu za pembeni, zilizorudi nyuma kwa miaka ya kusuka kwa kubana, akasema kovu la hapo halitakuwa na nywele za kulificha.

Wanaotaka kuchomwa saluni, palepale wanapotindiwa nyusi, nawasihi kwa dhati wasikubali. Muulizeni mhusika usajili wake katika Baraza la Madaktari Tanganyika, na muombe kuiona chupa ya dawa kabla haijafunguliwa.

Mimi bado sijaamua. Daktari aliomba nirudi na picha za ujanani, nikaipata moja ya mwaka 1994, nimesimama pale kivuko cha Kamanga, Jiwe la Bismarck, lile la ziwani, likiwa nyuma yangu. Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia: nyusi ya kushoto ilikuwa chini kuliko ya kulia tangu wakati huo, na mwaka ule hakuna aliyeniuliza kama nimefiwa.