Kuivuka Milima ya Uluguru kwa Miguu

Sisi wakazi wa Dar es Salaam tunaijua Milima ya Uluguru kwa kuitazama dirishani. Basi likikaribia Morogoro, milima hujitokeza upande wa kushoto, vilele vikiwa vimefunikwa na mawingu, na kabla hatujaiangalia vya kutosha tumeshaipita tukielekea Dodoma, Iringa au Mbeya. Tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria mwezi Juni 2024, mtu anaondoka Dar asubuhi na kunywa chai yake Morogoro, lakini bado wengi wetu tunaipita tu. Julai iliyopita nilishuka hapo, na badala ya kupanda kilele kimoja na kurudi, nikaivuka milima yenyewe kutoka Mgeta, upande wa magharibi, hadi Matombo, upande wa mashariki, nikiwa na hema, chakula na nguo za baridi katika begi la mgongoni.

Siidharau safari ya kilele. Bondwa na Lupanga, ambavyo vyote vinazidi mita 2,100, hupandwa kwa siku moja kutoka mjini Morogoro na mtu mwenye miguu imara, na katika njia ya Bondwa lipo jengo la Morningside la enzi ya Wajerumani, ambapo wapandaji wengi hupumzika. Hata hivyo, anayepanda kilele huutazama mji, hupiga picha, kisha hushuka kwa njia ileile. Anayevuka hulazimika kulala mlimani, kuomba njia katika mashamba ya watu na kuchota maji pale wanapochota wenyeji, na ni katika kuomba huko na kuchota huko ndipo nilipoanza kuielewa milima hii kama sehemu ya maisha yangu mwenyewe ya Dar es Salaam.

Gari la Mgeta hupitia Mzumbe, kisha hupanda kwa kona nyingi hadi Nyandira. Huko hewa ni ya baridi, na mashamba ya kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo yamelala kwenye miteremko ambayo mtu wa pwani angedhani haifai hata kusimama. Kando ya barabara kijana mmoja alikuwa akifunga tenga la kabichi. Alitandika majani ya mgomba chini, akapanga safu ya kwanza, akaikandamiza kwa goti, akaongeza nyingine na nyingine hadi mzigo ukapanda juu ya ukingo, ndipo akaanza kuushona kwa kamba huku akiivuta kwa meno. Nilipomuuliza tenga linakwenda wapi, alijibu bila kuinua kichwa, "Ilala, dada. Wapi tena?"

Juu ya mashamba hayo hupita mifereji myembamba inayochepusha maji kutoka vijitoni na kuyaongoza kando ya mlima, shamba hadi shamba. Baadhi ya miteremko imekatwa ngazi ili udongo usiondoke. Ngazi hizi zina historia chungu, kwa kuwa katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta kwa mpango uliobuniwa bila wao. Sehemu nyingi udongo wenye rutuba ulikuwa tabaka jembamba tu, na kuchimba kulileta juu udongo usiootesha kitu. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikatokea Matombo, na mpango ukaachwa. Nilipokuwa nikitembea kati ya ngazi za Mgeta ambazo wakulima wameziweka wenyewe kwa ajili ya mboga zao, niliona kwamba mkulima huyu hajawahi kukataa kuutunza mlima. Alichokikataa ni kuamriwa na mtu asiyeujua.

Kutoka kijiji cha Tchenzema njia inaingia msituni. Hii ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 na kusimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kuingia kunahitaji kibali na mwongozaji. Mwongozaji wetu alizaliwa hapo Tchenzema, na alitufundisha kuweka mguu upande kwenye utelezi na kushika mizizi badala ya matawi, kwa kuwa mti uliooza mlimani hausemi kuwa umeoza. Chini ya miti hapakuwa na upepo, ila kulikuwa na matone yasiyokoma, ingawa mvua haikuwa ikinyesha. Ukungu ulikuwa ukigota kwenye majani na kwenye ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini, ukageuka maji na kudondoka. Nilisimama nikaweka kiganja changu chini ya jani moja pana, nikahesabu taratibu, na kabla sijafika mia kiganja kilikuwa kimelowa. Msitu unaishi hivyo kwa sehemu kubwa ya kiangazi, na ndani yake wamo viumbe ambao hawapatikani popote pengine duniani, akiwemo ndege mmoja mwenye mgongo wa kijani, tumbo la njano na kichwa cheusi, ambaye makazi yake yote ni milima hii pekee.

Juu ya msitu ndipo ulipo uwanda wa Lukwangule, wenye nyasi na ardhi ya majimaji, kwenye mwinuko unaopita mita 2,400. Tulipiga hema hapo. Baridi ilikuwa kali kiasi cha kunifanya nivae kila nilichobeba, na asubuhi vidole vilikataa kufungua zipu ya begi. Ningependa kukaa katika jambo moja ambalo mwongozaji alinieleza huku akinyoosha mkono kuelekea pande tofauti. Maji yanayoteremka magharibi huingia Mto Mgeta, ambao huizunguka milima kwa upande wa kusini na hatimaye kujiunga na Ruvu. Yanayoteremka mashariki huwa ndiyo Ruvu wenyewe. Na yale ya kaskazini, yanayopita Morogoro na bwawa la Mindu, huingia Ngerengere, ambao nao huishia Ruvu. Kwa hiyo tone lililoanguka popote pale kwenye milima hii, liende upande liutakao, lina safari moja.

Safari hiyo inafika nyumbani kwangu. Ninaishi Kimara, na bomba letu hupata maji ya mtambo wa Ruvu Juu, uliopo Mlandizi, ambao umejengwa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Ule wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, una uwezo wa lita milioni 270. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na mwishoni mwa mwaka huohuo Ruvu ulipopungua sana, mji uliingia katika mgao. Nakumbuka foleni za madumu, mikokoteni ya wauza maji na usiku tuliokesha tukisubiri bomba likohoe. Wakati ule tulilaumu mabomba, tukalaumu pampu, tukalaumu mvua. Sikumsikia mtu mtaani kwetu akiutaja mlima.

Upande wa mashariki unashuka kwa ukali kuliko nilivyotazamia, na ndio unaopokea mvua nyingi zaidi kwa kuwa unazikabili pepo za bahari. Msitu ukiisha zinaanza ndizi, mihogo na mpunga wa mlimani, na nyumba zimetawanyika kila moja kwenye kibega chake cha ardhi. Katika Kibungo Juu tulimkuta bibi mmoja anapeta mchele uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu. Mnakwenda kwa nani na mizigo yote hiyo?"

Mwongozaji alimweleza kwamba mimi ninatoka Dar, na kwamba nimekuja kuona yanakotoka maji yetu. Bibi aliuweka ungo chini. Aliuliza kama ni kweli kwamba Dar maji hununuliwa kwa dumu, nikamwambia ni kweli, na nikamtajia kuwa wakati wa mgao tulinunua dumu la lita 20 kwa shilingi 500. Alimwita jirani yake aje asikie kwa masikio yake mwenyewe.

Jambo hili halijaniacha. Katika bonde hilihili palikuwa na mradi uliowalipa wakulima waliokubali kupanda miti na kukata ngazi mashambani, na shirika la maji la Dar es Salaam lilikuwa miongoni mwa wachangiaji. Naona wazo lile lilikuwa la haki, na lilistahili kuwa utaratibu wa kudumu. Sasa Bwawa la Kidunda linajengwa chini zaidi katika Mto Ruvu, na ninalisubiri kama kila mkazi wa Kimara. Lakini bwawa huhifadhi kile linacholetewa, na mteremko ukiachwa wazi litaletewa udongo pamoja na maji. Mwanamke anayelima juu kabisa ya Ruvu ndiye anayeamua, kila msimu anapoinua jembe, ni kiasi gani cha udongo kitafika kwetu, na ankara yangu ya maji ya kila mwezi haina hata shilingi moja inayomfikia.

Kwa anayetaka kuifuata njia hii, namshauri aende kati ya Juni na Septemba, masika yakiwa yameisha na kabla ya vuli kuanza, kwa sababu utelezi wa upande wa mashariki ni wa hatari kweli. Chakula anunue Nyandira na vijiji vya njiani badala ya kukibeba kutoka Dar. Mwongozaji achukuliwe kijijini na alipwe vizuri, na bei ikubaliwe kabla ya kuanza. Mimi mwakani nitaanzia Matombo na kupanda kinyume, niufuate Ruvu hatua kwa hatua hadi Lukwangule, na nimeshaanza kuwashawishi majirani wawili wa Kimara tuende pamoja.