Mwenge hadi Mbudya, na yule mnandi wa Kunduchi

Nilipanda daladala ya Tegeta pale Mwenge, nikashuka Mtongani, bajaji mpaka ufukweni Kunduchi. Foleni ya Bagamoyo Road siisemei, mnaijua.

Boti ya kisiwa cha Mbudya haiondoki mpaka ijae, so nikajikalia upande wa mikoko namcheki mnandi. Huyu ndege jamani! Mweusi, jicho jekundu, anazama kimya kimya afu anaibukia kwingine kabisa na kisamaki mdomoni, anakirusha kidogo kichwa kitangulie ndo anameza.

Nikauliza kwa sauti, anabanaje pumzi huko chini? Kijana wa boti akaniambia, "Dada, huyo ana mapafu makubwa, basi." Nikamwambia kaka, nusu ni kweli, ndege ana mifuko ya hewa iliyoungana na mapafu na oksijeni imo humo, ila hewa nyingi inakuelesha, unamaliza nguvu kupambana na maji. Ndo maana akiba nyingine iko kwenye damu na nyingine kwenye nyama yenyewe, kuna protini inaitwa mayoglobini inaishika oksijeni humo humo kwenye msuli. Cheki kuku, paja jekundu kidari cheupe, wekundu ule mwingi ni mayoglobini, sasa misuli ya ndege wazamiaji imejaa hiyo kitu balaa.

Kiboko yao ni pengwini emperor wa Antaktika, ameshapimwa amezama mita 564. Oksijeni yake karibu theluthi iko kwenye hewa, theluthi damu, theluthi misuli. Akizama muda mrefu moyo unashuka hadi chini ya mapigo 10 kwa dakika, damu inabaniwa isiende sana kwenye misuli, misuli inajilisha kwa akiba yake na ubongo unabakiziwa ya damu, yani anaikomba karibu yote kabla hajatoka.

Kijana akauliza, "Mbona huyu wetu hakai sana chini?" Akae afanye nini, samaki wenyewe wako maji mafupi! Afu akizidisha, misuli inaanza kutengeneza asidi ya laktiki na itabidi apumzike sana juu ndo azame tena, bora vizamio vifupi vingi.

Mara akapanda kwenye mti akatandaza mbawa zikauke, manyoya yake ya nje yanaloa, inamsaidia asielee. Boti nayo ikajaa.

Tumefika Mbudya, nasubiri samaki wangu wa kukaanga, namsikia yule kijana anawasimulia wenzake, pengwini kashafika mita 1000.