Nilivyoipiga Nebula ya Carina kwa Lenzi Kuukuu ya 135mm

Wanaoona picha zangu za anga huuliza kwanza natumia darubini gani. Sina darubini. Nina kamera ya kawaida ya Canon, tripodi nzito, na lenzi ya mtumba ya 135mm f/2.8 ya enzi za filamu, niliyoifunga kwa adapta. Kwa Nebula ya Carina, wingu kubwa la gesi na vumbi angani, naona lenzi hii inafaa kuliko darubini nyingi. Wingu lile lina upana wa nyuzi 2 hivi, mara nne ya mwezi mpevu. Darubini ya 1000mm ingelikata kando.

Nilipiga mwezi Mei, nje ya Dodoma, mvua zikiwa zimekatika. Giza likiingia, Carina huwa imeshapanda upande wa kusini, kuliani mwa Msalaba wa Kusini.

Kazi kubwa ni fokasi. Alama ya umbali usio na mwisho (∞) kwenye pete ya lenzi usiiamini. Nilielekeza kamera kwenye nyota angavu ya Alfa Kentauri, nikaikuza mara 10 kwenye skrini, nikawa nazungusha pete kidogo kidogo. Nyota ilivimba, ikasinyaa, ikavaa ukingo wa zambarau, kisha ikawa nukta. Hapo hapo nikaibana pete kwa selotepu.

Zambarau ile hupungua ukibana lenzi hadi f/4, yaani ukipunguza tundu la kupitisha mwanga, lakini visu vya ndani vinavyolibana tundu hilo huchora miiba kuzunguka nyota angavu. Dawa yake ni rahisi: lenzi niliiacha wazi kabisa, nikaweka mbele yake kadibodi nyeusi yenye tundu la duara la milimita 34. Ni f/4 ile ile, na nyota zinabaki mviringo safi.

Bila mtambo wa kufuata nyota, muda wa picha lazima uwe mfupi, la sivyo nyota huchora mistari. Carina ina nafuu yake: iko nyuzi 60 kusini ya ikweta ya anga, kwa hiyo huonekana kusogea kwa nusu ya kasi ya nyota za mkanda wa Orion, zilizo karibu na ikweta hiyo. Sekunde 2 zilinitosha, kwa ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 3200. Kwa Orion nisingezidi sekunde 1. Kila baada ya dakika 10 hivi nilirudisha nebula katikati, na mwishoni nikafunika lenzi na kupiga picha za giza kwa mipangilio ile ile, za kuondolea dosari za kamera yenyewe.

Picha moja haionyeshi kitu cha maana. Nguvu iko kwenye wingi: ukirundika picha 400 ziwe moja kwa Siril, programu ya bure, chembechembe hupungua mara 20 zikilinganishwa na mwanga wa nebula. Rangi yangu ilitoka ya waridi, kwa sababu kichujio cha kamera ambayo haijabadilishwa huzuia sehemu kubwa ya wekundu wa haidrojeni. Hilo halinisumbui hata kidogo. Fremu hiyo hiyo imebeba pia kundi la nyota la NGC 3532, na upande wa kusini kundi jingine, IC 2602, vyote kwa pamoja.