Dawa za Wasiwasi Zinapokwisha Kabla ya Kumpata Daktari Mpya

Sisi tunaoishi ughaibuni huhama tena na tena kufuata kazi au masomo, na kila uhamisho humaanisha kuachana na daktari aliyekwisha kutuzoea. Kwa anayetumia dawa za wasiwasi kipindi hicho ni cha hatari, kwa sababu miadi ya kwanza kwa daktari mpya huweza kuchelewa kwa wiki kadhaa, ilhali vidonge vilivyobaki vinahesabika.

Mimi nilikuwa natumia sertralini, nayo ilikwisha nikiwa bado nasubiri miadi. Siku chache tu zilitosha: kila nilipogeuza macho upesi nilihisi kama shoti ya umeme imenipita kichwani, kisha kizunguzungu, kichefuchefu na ndoto kali zilizonikatisha usingizi. Daktari wa zamu alidhani kwamba wasiwasi umerudi, akataka kunianzishia dawa nyingine kabisa. Nilimwonyesha tarehe ya kidonge cha mwisho, nikamweleza kwamba shoti hizo sikuwa nazo hata nilipokuwa mgonjwa sana, ndipo akanirudishia dozi yangu ya awali.

Tarehe hiyo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kwa kawaida dalili za kukatisha dawa huanza ndani ya siku chache na hutulia upesi dozi inaporejeshwa, lakini ugonjwa wenyewe mara nyingi hurudi polepole. Dawa nazo hazifanani: paroksetini na venlafaksini hutoka mwilini haraka na huacha kishindo, wakati fluoksetini hukawia. Ninaowahofia zaidi ni wenzangu wanaotumia diazepamu, lorazepamu au alprazolamu kwa muda mrefu, kwani kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege, na hiyo ni dharura ya hospitali. Zote hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya usimamizi wa daktari, tena hatua za mwisho ndizo zinazotakiwa kuwa ndogo zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kuhama, mwombe daktari unayemwacha akuandikie barua yenye jina halisi la dawa, maana majina ya kibiashara hubadilika kila nchi, pamoja na miligramu, tarehe uliyoanza na tarehe dozi ilipobadilishwa mara ya mwisho. Vidonge vikikaribia kwisha, nenda kwa mfamasia na barua hiyo mkononi. Katika nchi kadhaa anaruhusiwa kukupa vichache vya kukuvusha mpaka siku ya miadi.