Niliulizia Mizani Chini ya Ardhi

Geneva wanakunyoa bila maji. Chai na kipande cha keki karibu na stesheni vilikula hela ambayo Dar ningelisha nyumba nzima, na chai yenyewe maji ya moto tu. Nafuu ilikuwa usafiri: mgeni wa hoteli hupewa kadi ya kupanda bure, basi nikadandia tramu namba 18 mpaka mwisho wa njia, CERN, maabara kubwa ya Ulaya ya fizikia ya chembe.

Ilikuwa Septemba 2019, mashine yao ya kugonganisha chembe imezimwa kwa matengenezo na wananchi wamefunguliwa milango. Tulivuka hadi Ferney-Voltaire, upande wa Ufaransa. Foleni ilinitoa roho. Hatimaye tukavikwa helmeti, lifti ikatushusha kama mita 100 hadi kwenye LHCb, mtambo unaopima vipande vinavyotoka kwenye migongano hiyo.

Kazi yangu ni makaratasi ya malori, kwa hiyo mizani za barabarani nazijua, na ugomvi wake. Yule dada mwanafizikia aliyetuongoza aliposema hapa hupimwa uzito wa mezoni, chembe ndogo zisizodumu, nikamuuliza, "Samahani, mizani yenyewe iko wapi?" Watu wakacheka. Yeye akanisogeza mbele ya sumaku ya tani 1,600.

Mezoni haingoji kupimwa, alisema. Ile iitwayo Bs hutembea kama sentimita moja tu, kisha inavunjika. Sumaku hupinda njia za vipande vyake. Chenye nguvu kubwa ya mwendo hupinda kidogo. Pima mipindo, pima pembe kati ya vipande, piga hesabu, utapata uzito wa marehemu: elektronivolti (ndiyo kilo yao ya kupimia chembe) milioni 5,367 hivi, na shaka yake haifiki robo ya milioni. Nikatoa simu nikakokotoa. Kwa lori la tani 30, hiyo ni shaka isiyofika kilo moja na nusu! Kwetu dereva akishuka tu kwenye kabini, namba inacheza.

Uzito huo ndio unaowaonyesha pa kuchungulia. Bs kuvunjika ikaacha miuoni (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi) mbili peke yake hutokea kama mara tatu katika bilioni, na jozi za miuoni zitokazo kwingine zimejaa tele. Ila zile za kweli hurundikana palepale kwenye 5,367, kichuguu kidogo kwenye grafu. LHCb na CMS, mtambo mwingine wa CERN, waliunganisha data zao, na mwaka 2015 jarida la Nature likachapisha kwamba kichuguu kimeonekana. Kililingana na nadharia ya zamani, jambo lililowanyong'onyeza waliotamani kitu kipya.

Mimi nilisoma fizikia kwenye maabara ambayo mizani yake ilikuwa mchoro ubaoni. Tuliunakili, mtihani ukatudai tueleze namna ya kuitumia. Nilipomsimulia hayo, dada akaniambia CERN huwa na mafunzo ya walimu wa sekondari kutoka nchi mbalimbali. Tulipotoka nje nikamwandikia mwalimu wangu, bado anafundisha. Jibu likaja usiku: "Na nauli analipa nani?"