Mtaro umeshajengwa, wa kuuzibua nani?

Masika yanakaribia hapa Unguja mjini na mie nasema mapema, maana maji yakishaingia majumbani kila mtu anapiga kelele na hapo hakuna anaemsikiliza mwenziwe. Juzi tulikuwa na kikao cha wananchi na diwani pamoja na sheha kwenye banda la skuli, watu walijaa mpaka nje, kina mama ndo wengi zaidi, na nilifurahi khasa kuona hivyo. Lakini nimetoka pale kitu kimoja kinaniuma. Muda wote tumeongea kuhusu kujengewa tu, tujengewe mtaro huku, tuwekewe taa kule, njia ya ndani itiwe kifusi, na karibu hakuna alouliza pesa ya kuvitunza vitu hivyo inatoka wapi.

Mji wetu umejengewa mengi jamani, tusikatae. Ule mradi wa huduma za mji, ZUSP, Benki ya Dunia ilitukopesha dola milioni 38 mwaka 2011, baadae zikaongezwa nyengine milioni 55, ikachimbwa mitaro mikubwa ya maji ya mvua Ng'ambo, zikawekwa taa za barabarani, ukajengwa ukuta wa bahari pale Mizingani. Huo ni mkopo, utalipwa na sie na watoto wetu, na mie siulaumu hata kidogo kwa sababu wapo watu walokuwa kila masika wanapandisha magodoro juu ya makabati na sasa wanalala. Ila mkopo unajenga mtaro, haumlipi kijana wa kuingia mle ndani na koleo kutoa mchanga kila mwaka. Mwenye dau analijua hili, kununua dau ni siku moja, kalafati haishi mpaka dau life.

Sasa pesa ya koleo ni ya manispaa, na manispaa inaitoa kwenye leseni za biashara, ada za masoko, hela za taka tunazolipa, na ruzuku ya serikali. Tena watu tumekuwa wengi vibaya sana. Sensa ya 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678, sensa ya 2022 tukawa 893,169, yani karibu laki tatu wameongezeka kwa miaka 10, na wote wanapika, wananunua, wanatupa. Taka zetu zinapelekwa jaa la Kibele, huko Wilaya ya Kati, si hapa mjini, kwa hiyo kila gari likijaa linakwenda safari ndefu na kurudi, na dizeli mnaijua bei yake. Gari likiharibika au mafuta yakikosekana taka zinalala kwenye kontena, kuku na paka wanazitawanya, mvua inakuja inazisukumia mtaroni, na ule mtaro wa mamilioni ya dola unazibwa na pempasi na chupa za maji.

Hapo ndo penye shida yenyewe na natamani kila mtu aione. Taka na mafuriko tunayazungumza kama mambo mawili mbali mbali, hili la gari lile la mtaro, kumbe ni jambo moja. Na bahari nayo ina lake, mitaro inateremka pwani, sasa mvua kubwa ikikutana na bamvua, yani bahari ikijaa kupita kawaida, maji yanakosa pa kutokea, hata bila mvua mtu akipita Mnazi Mmoja siku za bamvua anaona bahari inavyopanda kiwanjani, maana pale zamani palikuwa ni maji. Mtaro ulojaa mchanga nusu siku hizo hausaidii kitu. Maji yakisimama makaro yanafurika, yanachanganyika na visima, na sote tunakumbuka kipindupindu cha 2015 na 2016 kilivyotutesa.

Kwenye kikao bibi mmoja alisimama akasema, "Mwanangu Mheshimiwa, mie natoa hela ya taka kila mwezi na gari silioni, nambie hela yangu inafanya nini." Ukumbi ukanyamaza. Diwani akajibu kwa adabu, shikamoo bibi kwanza, kisha akasema yanayokusanywa hayafikii gharama ya mafuta na mishahara, na nyumba nyingi hazilipi. Mie namuamini. Lakini bibi hakuuliza kama zinatosha, aliuliza zinafanya nini, na hilo halikujibiwa. Mtu haoni gari, haoni hesabu, atalipa kwa moyo gani? Na asipolipa gari halitembei. Tunazunguka pale pale, na wa kwanza kutoka kwenye mzunguko huu nnaona ni baraza la manispaa, sio bibi, kwa sababu wao ndo wenye daftari.

Ninachokiomba hakigharimu kitu. Pale ofisini kwa sheha pana ubao, siku zote una matangazo ya vitambulisho na chanjo. Manispaa ibandike karatasi moja kila mwezi: shehia yetu imetoa shilingi ngapi za taka, gari limekuja mara ngapi, dizeli imekula kiasi gani, na mtaro wetu unasafishwa lini kabla ya masika. Na siku mtaro mpya unapozinduliwa basi tuambiwe hapo hapo kuusafisha kwa mwaka kutagharimu kiasi gani na nani atalipa, tusisubiri uzibe.

Na sie wa mtaani, jamani, wale wanaomwaga taka usiku mvua ikianza ili maji yazichukue, tunawajua. Maji yanazichukua mpaka mlangoni kwa jirani wa chini yako, mwenye watoto wadogo.

Tumeshaandika barua ya lile ombi la ubao, bi sheha ameipokea na kuigonga muhuri, kikao chengine kiko baada ya Idi. Mkazi wa shehia yetu ambae hajasaini apite ofisini asubuhi, nakala ipo pale.